Ukipata Flashi ya Kifalme Mtandaoni: Namna ya Kuicheza Ikulipe

Flashi ya kifalme ni ree, mfalme, malkia, jeki na kumi, zote za aina moja: zote shupaza, au zote kopa, au uru, au pao. Katika poka ya kawaida hakuna kitu kinachoizidi. Ndiyo maana wachezaji wengi wakiipata hutetereka. Moyo unaenda mbio, wanabofya "cheki" (kupitisha zamu bila kuweka dau) wasije wakamshtua mtu, kisha mwisho wa mgao wanavuna chungu, yaani jumla ya madau yote, kidogo kuliko kile ambacho jozi ya ree ingewapa siku ya kawaida.

Ukweli ni kwamba karata isiyoshindika haijilipi yenyewe. Inalipwa na yule aliyeshika karata nzuri ya pili, na kwa kiasi cha chipu alizo nazo mbele yake. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba mtu huyo akiwepo, chungu kimeshakua kabla hajaanza kuogopa. Maelezo yafuatayo ni ya aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, isiyo na kikomo cha dau, inayochezwa kwenye kompyuta au simu. Vipimo vyote viko katika blaindi kubwa, yaani lile dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa. Tukisema chipu 100, tunamaanisha blaindi kubwa 100.

Hesabu zake

Karata 52 hutoa michanganyiko 2,598,960 ya karata tano tano, na minne tu kati yake ni flashi ya kifalme. Hiyo ni mara moja katika 649,740. Hold'em ina nafuu kwa sababu unachagua tano bora kati ya saba, mbili zako na tano za mezani, na hapo inakuwa mara moja katika migao 30,940. Lakini hesabu hiyo inadhani hutupi karata hata mara moja mpaka ya tano ifunuliwe mezani. Anayecheza hivyo hamalizi wiki na chipu zake, kwa hiyo kwa mchezaji makini idadi ni kubwa zaidi.

Kati ya kila flashi 21 za kifalme zinazotokea, kwa wastani 10 hutumia karata zote mbili za mkononi, 10 hutumia moja tu, na moja hujitokeza nzima mezani ikawa ya kila mtu. Zile 10 za kwanza ndizo zenye faida kubwa, maana mezani zinaonekana karata tatu tu za kutisha. Ukianza na karata mbili za kifalme za aina moja, mathalani ree na mfalme wa shupaza, uwezekano wa kukamilisha kufikia karata ya tano ni 1 katika 1,960, na wa kuipata papo hapo kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, ni 1 katika 19,600. Ukiwa na karata mbili za kifalme za aina na daraja tofauti, ni 1 katika 23,030. Ukiwa na moja tu, 1 katika 46,060.

Meza moja ya watu sita mtandaoni huenda migao 60 hadi 80 kwa saa. Mwenye meza nne kwa wakati mmoja anaona migao kama 280 kwa saa, na hivyo migao 30,940 inampita kwa takribani saa 110. Hata baada ya migao hiyo yote, bado kuna uwezekano wa asilimia 37 kwamba hajaiona hata moja. Karata hazina deni kwa mtu. Aliyekaa miaka miwili bila kuipata hana nafasi kubwa zaidi leo kuliko aliyeipata jana.

Kutokana na hesabu hizi kuna jambo moja la kushika sana: usiingie kwenye mgao kwa kuiwinda. Jeki na kumi wa shupaza ni karata nzuri kwa sababu zinatengeneza mfuatano (daraja tano zinazofuatana), flashi ya kawaida (karata tano za aina moja) na jozi mbili. Kulipa chipu 12 kwa ajili ya ile 1 katika 1,960 ni kumwaga chipu.

Maandalizi ya meza

Mambo haya hufanywa siku ambayo hakuna kitu mkononi, kwa sababu siku karata zikija hutakuwa na muda.

Washa karata za rangi nne. Programu nyingi za poka zina chaguo hilo kwenye mipangilio: shupaza nyeusi, kopa nyekundu, uru bluu, pao kijani. Kwenye skrini ndogo ya simu, pao na shupaza zote zikiwa nyeusi hufanana sana, na mtu anaweza kuweka chipu zote akidhani ana flashi ya kifalme kumbe kumi yake ni ya pao. Atakuwa na mfuatano tu, mezani pakiwa na shupaza tatu. Kosa hilo linagharimu rundo zima.

Washa nyongeza ya chipu ya moja kwa moja, ili rundo lako la chipu lirudi 100 kila linaposhuka. Mtu mwenye chipu 23 akipata flashi ya kifalme anaweza kushinda 23 tu kutoka kwa kila mpinzani, hata kama aliye mbele yake ana 300. Katika maandalizi yote hili ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mengine, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Panga vitufe vya dau: theluthi mbili ya chungu, chungu kizima, chungu na nusu, na zote. Kuburuta kile kitelezi kwa kidole ukiwa na sekunde sita hakufai. Halafu jizoeze usiweke alama mapema kwenye "cheki au tupa". Kisanduku hicho kina manufaa unapocheza meza nyingi, lakini ukikisahau kimewashwa, programu itakutupia karata bila kukuuliza mara dau likija.

Mwisho, washa uhifadhi wa kumbukumbu za migao kwenye kifaa chako, na ujue programu yako hufanya nini mtandao ukikatika. Nyingi hukupa sekunde chache za ziada, kisha hucheki ikiwa hakuna dau mbele yako na kutupa karata ikiwa lipo. Hakuna atakayekurudishia chungu kwa sababu intaneti yako ilikatika.

Zikiwa nne, bado moja

Una ree na mfalme wa shupaza, flopu inakuja malkia wa shupaza, jeki wa shupaza na nne ya uru. Macho yote yanakimbilia kumi ya shupaza. Hiyo ni karata moja kati ya 47 usizoziona, na karata mbili zilizobaki zikifunuliwa zote, nafasi ya kuipata ni 2 katika 47, yaani asilimia 4.3 hivi.

Thamani ya karata zako hapa iko kwingine. Shupaza yoyote kati ya tisa zilizobaki inakupa flashi ya juu kabisa, na kumi tatu za aina nyingine zinakupa mfuatano wa juu kabisa. Jumla ni karata 12, na uwezekano wa kupata angalau moja kati yake ni asilimia 45. Bado hatujahesabu ree na wafalme sita waliobaki, ambao mara nyingi jozi yao inatosha. Kwa hiyo cheza kama mwenye karata kali zinazosubiri: weka dau, ukipandishiwa pandisha au lipa, yaani fikia dau lake. Wengine wanaweza kutupa karata ukashinda palepale, na wakilipa, chungu kinakua kabla ya karata yako kuja. Hivyo ndivyo flashi ya kifalme inavyopata chungu cha maana ikija, kwa kuwa tayari kilikuwa kinajengwa kwa sababu nyingine.

Kinyume chake, ikiwa kilichobaki ni karata moja pekee inayokuokoa na ya tano ndiyo inasubiriwa, unahitaji chungu kikupe 45 kwa kila 1 unayolipa. Bei hiyo haipo mezani. Tupa.

Ikitimia

Tuseme sasa flopu ni malkia, jeki na kumi, wote shupaza, nawe una ree na mfalme wa shupaza. Fanya haya kwa mpangilio, na kwa kasi uliyozoea.

Kwanza soma karata tano moja moja, aina na daraja. Inachukua sekunde mbili. Pili, angalia visanduku vya hatua za mapema, ondoa alama zote. Tatu, kama una meza nyingine wazi, bofya "pumzika mgao ujao" kwenye hizo nyingine ili zisikuibie muda. Nne, tazama namba tatu: chungu kina kiasi gani, wewe una kiasi gani, na mpinzani mwenye rundo kubwa ana kiasi gani. Kinachoweza kushindaniwa ni rundo dogo kati ya lako na lake.

Usiandike chochote kwenye gumzo la meza. Na linda muda wako wa kubofya. Ukizoea kucheza kwa sekunde tatu, kisha leo ukakaa sekunde 20 na kuibuka na dau kubwa, mchezaji makini atajua. Muda wa akiba, zile sekunde za ziada za kufikiri, upo, lakini utumie tu kama huwa unautumia.

Kwa nini usijifiche

Wengi hufundishana kwamba ukiwa na karata kali uwaache wengine "wakufikie". Kwenye karata hizi ushauri huo unapoteza fedha nyingi, na hesabu inaonyesha waziwazi.

Ulipandisha hadi 2.5 kabla ya flopu, aliye kwenye blaindi kubwa akalipa, aliye kwenye blaindi ndogo, lile dau la lazima la nusu, akatupa. Chungu ni 5.5, kila mmoja amebaki na 97.5. Ukiweka dau la chungu kizima mara tatu, kwenye flopu, karata ya nne na ya tano, naye akalipa yote, unakusanya kutoka kwake 5.5, halafu 16.5, halafu 49.5. Jumla 71.5. Ukicheki kwenye flopu na kuweka dau hilohilo mara mbili zilizobaki, unapata 22 tu. Kwa dau la theluthi mbili ya chungu tofauti bado ni kubwa: mara tatu hutoa kama 32, mara mbili kama 12. Kila dau hukua juu ya lile lililotangulia, kwa hiyo duru unayoiacha mwanzoni huondoa lile dau kubwa la mwisho.

Sababu ya pili ni karata zinazokuja. Kwenye flopu hii umebaki na karata 47 usizozijua. Shupaza nane zilizobaki, pamoja na ree, wafalme, tisa na nane 12 za aina nyingine, ni karata 20 zinazomfanya mwenye jozi mbili, tatu za daraja moja au mfuatano mdogo asite. Shupaza ya nne mezani inamtoa jasho yeyote asiye na shupaza, na tisa au mfalme unaonyesha mfuatano wa wazi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili katika tano. Karata zinazomtia hamu zaidi, malkia, jeki na kumi za aina nyingine, ni tisa tu. Mpinzani aliye tayari kulipa sasa huenda asiwe tayari dakika moja ijayo.

Nani anaweza kukulipa hapo? Tatu za malkia, jeki au kumi zinapatikana kwa njia 9. Jozi mbili kwa njia 27. Ree na mfalme wa aina nyingine, njia 9. Mfalme na tisa, 12. Tisa na nane, 16, na njia moja kati yake, tisa na nane za shupaza, ni mfuatano wa flashi ambao mwenyewe anaamini ameshinda dunia. Wote hawa wana kitu cha kulinda, na wengi wao wanaogopa shupaza ijayo. Watakulipa sasa wakidhani wewe ndiye unayesubiri shupaza.

Kuna hali moja ambapo kucheki kunafaa. Kama mpinzani ndiye aliyepandisha kabla ya flopu, nawe unatangulia kucheza, mwachie aendelee na kasi yake. Huko si kujificha, ni mwendo wa kawaida wa meza. Akiweka dau, chagua kulipa au kupandisha kwa kuangalia rundo: kama madau mawili yaliyobaki yanatosha kuingiza chipu zote, lipa, kama hayatoshi, pandisha. Mfano, ulipandishiwa hadi 10 kabla ya flopu ukalipa, chungu ni 20.5 na mmebaki na 90. Dau la theluthi mbili kila duru linaacha kama 44 kwa karata ya tano, chungu kikiwa karibu 112. Zote zinaingia bila kulazimisha. Hapo hakuna haja ya kupandisha mapema.

Ukubwa wa dau la mwisho

Kwenye karata ya tano unayo faida ambayo mwenye karata nyingine hana: hutaumia kwa kulipwa. Faida ya ziada ni ukubwa wa dau ukizidisha kwa uwezekano wa kulipwa, basi. Dau la 20 linalolipwa mara moja kati ya mbili lina thamani ya 10. Dau la 60 linalolipwa mara moja kati ya nne lina thamani ya 15. Dau la pili ni bora, japo mara tatu kati ya nne mpinzani anatupa karata nawe unahisi umemfukuza. Hisia hiyo ndiyo inayowafanya watu waweke madau ya kuomba. Jiulize swali moja tu: nikipandisha dau mara tatu, je, walipaji watapungua zaidi ya mara tatu? Kama hawapungui kiasi hicho, weka kubwa.

Jibu liko mezani. Karata za mezani zikiwa na jozi, weka zote. Mwenye fulu hausi (tatu za daraja moja pamoja na jozi) au karata nne za daraja moja hatupi, na ndiye unayemtaka. Mwaka 2008, katika shindano kuu la World Series of Poker huko Las Vegas, Motoyuki Mabuchi alimaliza mgao akiwa na ree nne, akatolewa na Justin Phillips aliyekuwa na mfalme na jeki wa uru. Ree ya uru iliyokuja ya tano mezani iliwakamilishia wote wawili. Hivyo ndivyo flashi ya kifalme inavyolipwa kikamilifu: karata moja imemtengenezea mwingine kitu asichoweza kukiacha.

Mezani pakiwa na shupaza nne, tuseme ree, mfalme, malkia na kumi, nawe una jeki peke yake, wengi hupunguza dau wakisema kila mtu ameogopa. Fikiri tena. Aliye na tisa ya shupaza anajua kwamba karata moja tu duniani inamshinda, nayo ni jeki wa shupaza. Huyo atalipa dau kubwa, pengine akupandishie. Wasio na shupaza hawatalipa hata dogo isipokuwa kwa udadisi. Dau kubwa linamlenga yule wa kwanza, na yeye peke yake analipa zaidi ya wadadisi watano.

Meza kavu, isiyo na jozi wala karata ya nne ya aina ileile, na mpinzani aliyekuwa akilipa kimyakimya tangu mwanzo: dau la kati ya theluthi mbili na chungu kizima. Anaweza kuwa na jozi mbili, au tatu za daraja moja. Mchezaji mwoga ambaye hajawahi kulipa dau la chungu kizima usiku huo, mpe theluthi.

Mpinzani akiweka dau la mwisho mwenyewe, pandisha. Wewe ukiwa wa mwisho kucheza, kulipa tu ni kosa kila mara. Kama yuko mchezaji mwingine nyuma yako anayeweza naye kulipa, kulipa tu kunaweza kumvuta, lakini mara nyingi chipu za kupandishia zinazidi alizokuwa aongeze.

Makosa ya kusoma meza

Flashi ya kifalme ikijitokeza nzima kwenye karata tano za mezani, kila aliyebaki anagawana chungu sawasawa. Hakuna aina iliyo juu ya nyingine katika Hold'em. Shupaza haiishindi kopa. Hapo mtu akiweka zote, lipa. Kutupa karata ndiyo njia pekee ya kupoteza, na watu hutupa kweli, kwa sababu wanaangalia karata zao mbili mbovu na kusahau meza.

Omaha, aina nyingine ya poka, ina mtego wake. Unapewa karata nne na ni lazima utumie mbili kamili za mkononi na tatu kamili za mezani. Mwenye ree, mfalme, malkia na jeki wa shupaza mkononi, kumi ya shupaza ikatua mezani peke yake, hana hata flashi. Na mezani pakiwa na shupaza nne za kifalme nawe una ile ya tano tu, huna flashi ya kifalme.

Kwenye mashine za poka za kasino za mtandaoni mchezo ni mwingine kabisa, hakuna mpinzani wa kumvuta. Jambo la kukagua pale ni jedwali la malipo. Katika mashine nyingi flashi ya kifalme hulipa 250 kwa kila sarafu ukicheza sarafu moja hadi nne, lakini 4,000 ukicheza tano, yaani 800 kwa kila sarafu. Kama sarafu tano zinazidi mfuko wako, shuka kwenye sarafu ya thamani ndogo na ucheze tano za hiyo.

Tena, usichanganye flashi ya kifalme na karata bora ya wakati huo. Meza ya malkia, nane, saba, tatu na mbili za aina mchanganyiko haina jozi, mfuatano wala flashi, na karata bora hapo ni tatu za malkia. Mwenye malkia wawili mkononi hashindiki kwenye meza hiyo, kwa hiyo kanuni zote za dau la mwisho zinamhusu yeye pia. Kuitafuta karata bora, uliza kwa mpangilio huu: je, zipo tatu za aina moja zilizo ndani ya daraja tano zinazofuatana? Mfuatano wa flashi unawezekana. Ipo jozi mezani? Karata nne za daraja moja zinawezekana. Zipo tatu za aina moja? Flashi. Tatu ndani ya daraja tano? Mfuatano. Ukikosa yote, ni tatu za karata ya juu mezani. Mwenye flashi ya ree kwenye meza yenye jozi anashindika, na wanaoweka zote kwa karata hiyo kana kwamba ni salama hujifunza kwa gharama.

Baada ya chungu kuja

Nakili namba ya mgao kabla hujafunga meza. Piga picha ya skrini ikionyesha karata zako, za mezani na jina la meza. Tovuti nyingine zina zawadi ya ziada kwa flashi ya kifalme, au mfuko wa aliyeshindwa akiwa na karata kali sana. Masharti yake hutofautiana, lakini yale yanayojirudia ni haya: karata zote mbili za mkononi zitumike, mgao ufike mwisho hadi karata zionyeshwe, na meza iwe na idadi fulani ya waliogawiwa. Soma masharti ya tovuti yako sasa, maana yanaweza kubadili namna ya kucheza. Kama zawadi inahitaji kuonyesha karata na chungu ni kidogo, dau dogo linalomweka mpinzani hadi mwisho lina thamani kuliko dau kubwa linalomfukuza. Kama umeshinda bila kulipwa, kuonyesha karata ni hiari yako. Ukionyesha, wapinzani watajua kwamba huweka dau kubwa ukiwa na kitu, na watakutupia karata kwa saa nzima ijayo.

Utakutana na watu wanaouza programu za "kuona karata zijazo" au "kufungua" flashi ya kifalme. Mwaka 1999 watafiti wa usalama wa programu walionyesha kwamba mchezo mmoja wa mtandaoni ulichanga karata kwa mbegu, yaani namba ya kuanzia hesabu, iliyotokana na saa ya kompyuta, hivyo kulikuwa na mbegu 86,400,000 tu za kujaribu kwa siku nzima, nao wakaweza kujua karata zote wakati mgao unaendelea. Mpangilio kamili wa karata 52 unahitaji biti 226 za nasibu (tarakimu za 0 au 1 zisizotabirika), na tovuti zenye leseni hukaguliwa ili zitumie vyanzo vya nasibu vyenye nguvu hiyo. Programu unayouziwa leo haioni karata za mtu mwingine. Mara nyingi inachoona ni nenosiri lako.

Usihamie meza ya madau makubwa usiku huohuo. Chungu cha flashi ya kifalme hakiongezi ujuzi, na meza za juu zina wachezaji wanaojua kwamba mgeni ameingia na chipu alizozipata ghafla. Toa kiasi kwenye akaunti kama ulivyopanga kabla ya kuanza kucheza, rudisha rundo lako la meza kuwa 100, na weka tena alama ya nyongeza ya moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya programu huiondoa unapobadili meza.